Barua ya Ejigbo: kwa basi hadi kikao cha Wayoruba wa Abidjan

Jumatatu, Ejigbo

Kwenye stendi ya Ejigbo wapiga debe wanaita Abidjan kabla ya kuita Lagos. Mji huu wa jimbo la Osun, kusini-magharibi mwa Nigeria, hauna bandari wala hauko mpakani, na kati yake na Abidjan, jiji kubwa la Côte d'Ivoire, kuna nchi tatu za kuvuka: Benin, Togo na Ghana. Hata hivyo sijaingia nyumba hapa isiyokuwa na mtu wake Abidjan, Bouaké au Daloa.

Nilikuja na Kifaransa changu cha sokoni Bujumbura nikidhani kitasubiri mpaka nivuke mpaka. Kilianza kazi jana jioni. Muuza mikate alinisikia nikibabaika kwa Kiyoruba, akaniuliza kwa Kifaransa cha Abidjan nataka mingapi. Kazaliwa Treichville, mtaa wa Abidjan, akaletwa kwa bibi yake kusoma, akaolewa hapahapa. Mkobani mwake naira na faranga za CFA zimelala pamoja.

Habari hii ilianza mwanzoni mwa karne ya 20. Wafaransa walianza kujenga reli ya kutoka Abidjan kwenda kaskazini mwaka 1904, ikafika Bouaké 1912, na wachuuzi wa Kiyoruba wakaifuata stesheni baada ya stesheni na vitambaa, shanga, sabuni na taa. Aliyetangulia alimwita mdogo wake, mdogo akamwita binamu. Watu wa miji mingine ya Kiyoruba, kama Ogbomoso na Offa, waliingia zaidi Ghana. Wa Ejigbo waliishika Côte d'Ivoire hawajaiachia.

Ukitaka kujua wamepata nini, tazama nyumba. Ghorofa zimefungwa makufuli, nyasi zimeota barazani, na mlinzi mzee anacheza ayo kivulini na wenzake, mchezo wa mbegu na vishimo ambao mcheza bao yeyote wa kwetu angekaa akaufuatilia. Wenye nyumba wanakuja kwa Krismasi, kwa Idi au kwa msiba. Mtu hujenga hapa kabla ya kununua hata kitanda kizuri kule. Wayoruba husema safari haiwi tamu kiasi cha mwenye kwao kutorudi kwao, na hapa methali hiyo imemwagiwa zege.

Mwenyeji wangu ni mama wa makamo ya kupita sitini, ambaye kila mtu anamwita Alhaja kwa sababu kahiji Makka. Anauza vitambaa Treichville, na katika umoja wa watu wa Ejigbo kule Abidjan ndiye mkubwa wa wanawake. Alikuja nyumbani kwa wiki chache, kesho anarudi, nami narudi naye. Jioni tulikula iyan, kiazi kikuu kilichotwangwa mpaka kikawa laini, kwa mchuzi wa egusi. Hapa iyan si chakula tu. Mji una mungu wake wa kale, Ogiyan, na mfalme anabeba jina hilohilo. Mungu huyo anasifika kwa kupenda kiazi cha kutwanga. Waliouzwa utumwani walimvusha bahari, na Brazil anaitwa Oxaguiã, bado anaandaliwa kiazi kikuu.

Tulipokuwa tunanawa mikono aliingia mwanamke wa khanga nyeusi—tuseme kitenge cheusi, khanga ni mazoea yangu—akapiga magoti kumsalimia Alhaja, akamkabidhi bahasha. Mume wake alifariki Abidjan miezi minne iliyopita. Alikuwa na duka la spea za magari Adjamé, na kule alioa mke wa pili, Mbaoulé, yaani wa kabila la Wabaoulé wa hukohuko, kwa ndoa ya bomani. Bahasha hiyo ni ya kusomwa kwenye kikao cha umoja Jumapili.

"Umeandika nini?" Alhaja alimuuliza.

"Nimeandikiwa na mwanangu, Mama. Mtasikia hukohuko."

Jumanne, njiani kuelekea Seme

Tuliondoka kabla ya adhana ya alfajiri, tukaswali Iwo. Basi limejaa mpaka kwenye korido: unga wa mihogo, mafuta ya mawese kwenye madumu, viatu, na ile mifuko ya miraba tunayoiita shangazi kaja, safu mbili juu ya paa. Wanaijeria wanaiita Ghana Must Go, tangu Januari 1983 serikali yao ilipowafukuza wageni wasio na vibali, zaidi ya milioni moja, wengi wao Waghana, nao wakaondoka na mifuko hiyo kichwani. Alhaja anayo minne.

Yeye hasimulii mwaka 1983. Anasimulia 1969. Kazaliwa Kumasi, Ghana, baba yake akiwa na kibanda cha vyombo vya enameli karibu na soko la Kejetia. Tarehe 18 Novemba mwaka huo serikali ya Waziri Mkuu Kofi Busia, iliyokuwa haijamaliza hata miezi miwili madarakani, iliwapa wageni wasio na kibali cha kuishi wiki mbili wawe wameondoka. Wayoruba waliokuwa Ghana tangu enzi za Mwingereza, waliozaliana huko, walijikuta wageni. Alhaja alikuwa mtoto wa darasa la pili.

"Baba aliacha vyombo kwa jirani Mwashanti," alisema. "Jirani alikuwa mwaminifu. Alituma fedha. Lakini baba hakuwa na nyumba Ejigbo, mwanangu. Tulifikia kwa watu. Mama yangu alipika jikoni kwa mwenziwe mwaka mzima."

Akanyamaza, akafungua mfuko wa karanga, akanipa. Ibadan ilipita na mabati yake mekundu ya kutu, kisha foleni ya kuingia Lagos ikala mchana wetu wote, na juu ya foleni ile sina la kuongeza kwa yale yaliyokwisha kusemwa na kila aliyewahi kuikalia.

Baada ya Badagry vizuizi vya barabarani vinafuatana. Polisi, forodha, uhamiaji, tena polisi. Konda ana noti alizozikunja tayari kwenye vidole vya mkono wa kushoto. Mimi mgeni nilishushwa mara kadhaa kuonyesha kadi ya njano ya chanjo. Tumelala upande wa Nigeria, ndani ya basi, mpaka wa Seme ukiwa mbele yetu.

Jumatano, Benin na Togo

Mkataba wa Ekowasi, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, wa 1979 unasema raia wa jumuiya anaingia nchi yoyote mwanachama bila viza na kukaa siku 90. Jumuiya yenyewe ilizaliwa Lagos, Mei 1975. Karatasini, basi zima isipokuwa mimi lilipaswa kupita kwa kuonyesha kitambulisho. Kwenye mojawapo ya mipaka yetu, sitasema upi, ofisa alikusanya vitambulisho vyote na kuvirudisha baada ya kila abiria kuweka kitu kidogo ndani yake. Waliokuwa na hati kamili walilipa sawa na wasiokuwa nazo. Alhaja alilipa bila kuinua uso kutoka kwenye tasbihi yake. "Mwaka 2019 walifunga kabisa," aliniambia. Agosti mwaka huo Nigeria ilifunga mipaka yake ya nchi kavu kwa bidhaa, ikafungua Desemba 2020. "Huu mkono unaodai kitu kidogo ni afadhali kuliko geti lililofungwa."

Kilichonivutia Benin ni kwamba abiria hawakuona kama wametoka kwao. Huku mashariki mwa Benin, Porto-Novo, Sakété na Kétou, Kiyoruba ni lugha ya wenyeji; Kétou ni ufalme wa Kiyoruba wa miaka mingi. Mpaka huu Waingereza na Wafaransa waliukubaliana mwaka 1889, na kuanzia hapo jamaa wa upande huu wakaitwa Wanago, wa upande ule Wayoruba. Abidjan majina hayo yamerudi kuungana: Mwivori anamwita Myoruba yeyote Anango, awe wa Benin au wa Nigeria. Katika vurugu za Oktoba 1958 wakazi wa Abidjan waliwashambulia Wadahomey, yaani watu wa Benin ya leo, na Watogo, wakidai wamewanyang'anya kazi.

Kando ya barabara petroli inauzwa kwenye chupa kubwa za kioo zinazong'aa juani, imevushwa kutoka Nigeria. Cotonou pikipiki za zemidjan zilituzunguka pande zote. Tulikula akassa kwa samaki, tukaendelea.

Hillacondji, mpaka wa Togo, saa zinarudi nyuma kwa saa moja. Dereva alisimamisha basi akatangaza kwa Kiyoruba, watu wakashika simu zao. Mimi ambaye nilikuwa bado nahesabu saa kwa Kiswahili nilichanganyikiwa kwa sehemu kubwa ya Togo, ambayo kwa bahati ni nyembamba: kilomita 50 na ushee za pwani, bahari kushoto muda wote, Aného na minazi yake, kisha Lomé, mji mkuu ambao umekaa ukutani mwa Ghana kiasi kwamba unaweza kutoka hotelini ukaenda kununua mkate nchi nyingine.

Alhamisi, Ghana

Siku ndefu ya lami. Sogakope, penye daraja la mto Volta, akina mama walilizingira basi na mikate mitamu na kamba wa kukaanga. Accra tuliingia jua kali, tukatoka jua likizama, sehemu kubwa ya muda huo tukiwa Kasoa hatuendi mbele wala nyuma. Cape Coast na ngome yake vilipita gizani.

Nilitegemea Alhaja angesema kitu tulipoingia Ghana. Hakusema. Alinunua kenkey mbili, akala kwa pilipili nyeusi ya shito, akazungumza Kitwi na muuzaji kwa dakika kumi huku wakicheka, akarudi kwenye kiti chake akalala.

Nyuma yetu kijana wa miaka ishirini hivi, kofia ya timu ya taifa ya Côte d'Ivoire kichwani, alikuwa anarudi kutoka Ejigbo mara yake ya kwanza maishani. Alitumwa na babake kuona kiwanja. Nilimuuliza amekionaje.

"Ni kiwanja," alijibu. "Kuna mbuzi."

Ijumaa, Elubo hadi Abidjan

Daraja la mto Tano, Elubo upande huu, Noé upande ule. Hapa basi zima lilibadilika. Wanawake walifungua vioo, wakajifunga upya vilemba, na mazungumzo ambayo kwa siku zote hizi yalikuwa ya Kiyoruba yakaanza kuchanganyika na Kifaransa na Kijula. Konda aliyekuwa akiwafokea abiria kwa Kiyoruba akaanza kuwafokea kwa Kifaransa.

Mizigo yote ilishushwa, ikafunguliwa, ikapakiwa. Katibu wa umoja alikuwa akimpigia Alhaja simu kila saa kuuliza tumefika wapi. Abiria wawili walikosa vitambulisho halali, na niliona kazi ya kwanza ya umoja huo kabla sijaonana na mwanachama wake wa pili. Katibu aliongea na ofisa kwa simu, kwa Kifaransa cha heshima zote, akamtajia jina la ukoo wa kila mmoja, baba yake anauza wapi, na nani atakuja kumchukua stendi. Waliachiwa.

Watu hawa wamejifunza karatasi kwa shida. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, enzi za Waziri Mkuu Alassane Ouattara, Côte d'Ivoire ilianzisha kadi ya ukaazi kwa wageni, wa Ekowasi wakiwemo. Kisha likaja gumzo la nani ni Mwivori halisi, vita vya 2002, na mapigano ya baada ya uchaguzi wa 2010. Kadi ilifutwa kwa raia wa Ekowasi mwaka 2007. Wakati ilipokuwapo, polisi wangeweza kuidai mahali popote, na aliyekamatwa jioni alihitaji mtu wa kumtoa kabla ya usiku. Alhaja anasema umoja uliwahi kuwa na zamu: kila wiki watu fulani walipaswa kulala na viatu karibu.

Mashamba ya mpira na mawese, Aboisso, Bonoua, Grand-Bassam iliyokuwa makao makuu ya koloni kabla ya homa ya manjano kuwafukuza Wafaransa, na hatimaye Abidjan, lagoni ya Ebrié, yale maji ya pwani yanayozunguka jiji, ikiwaka taa za mtaa wa Plateau. Nimefikia chumba cha wageni kwa Alhaja, Treichville. Nitaoga kwanza, mengine kesho.

Jumamosi, Adjamé na Treichville

Asubuhi Alhaja alinipeleka kumwona mjane wa huku. Tulipanda gbaka, basi dogo ambalo konda wake ananing'inia mlangoni akiimba vituo, mpaka Adjamé. Duka ni chumba kimoja kirefu: jenereta za magari, pedi za breki, taa za Peugeot zilizotumika, na nyuma kabisa kitanda cha mwanafunzi wa kazi. Mjane ni mwanamke mrefu, mtulivu, wa karibu na Bouaké. Ukutani kwenye fremu, mahali ambapo wengine hutundika picha ya kaaba au ya Bikira Maria, ametundika cheti cha ndoa chenye muhuri wa meya.

Cheti hicho kina uzito. Sheria ya Côte d'Ivoire iliondoa ndoa ya wake wengi mwaka 1964, kwa hiyo mbele ya mahakama ya hapa mke ni yeye tu. Mke wa Ejigbo aliolewa kwa mila na kwa Kiislamu; mahakama hii haimwoni. Huyu alijua. Alimkaribisha Alhaja kwa heshima, akatuletea maji, kisha akasema bila kupandisha sauti: "Mama, nakuja kesho kwa sababu ya mume wangu. Alikuwa mtu wenu. Lakini mdogo wake akichukua hata boliti moja, nakwenda kwa wakili."

Mdogo huyo tulimkuta duka la tatu kutoka hapo. Yeye ana hoja yake. Kaka alimleta Abidjan, kweli, lakini miaka kumi na zaidi alifanya kazi dukani bila mshahara, akiahidiwa mtaji. Mtaji haukutoka, kaka kafa. Katika mila ya Kiyoruba ya zamani mjane harithi mume. Mali ni ya watoto na ya ukoo. Anataka duka liwe la ukoo, yaani lisimamiwe na yeye.

Mchana tulirudi Treichville, mtaa wa barabara zenye namba badala ya majina, na Alhaja akashughulikia jambo ambalo nilidhani ni dogo: sare. Wayoruba wanaiita aso ebi, kitambaa cha jamaa, na kuna harusi ya binti wa mwanachama mwezi ujao. Akina mama saba walibishana juu ya zambarau mbili zilizofanana kabisa machoni pangu. Nilipouliza mbona muda wote huu, mmoja alinifafanulia kwamba bei ya kitambaa ina sehemu ya umoja. Wanawake hawa wana pia esusu yao, ambayo sisi tungeiita upatu: kila mmoja anatoa kiasi kilekile kila wiki, na kila wiki mmoja anaondoka na chungu chote. Alhaja ameanzisha wafanyabiashara wengi kwa chungu hicho kuliko benki yoyote ya barabara hiyo, na hilo ni neno la meneja wa benki mmoja aliyeoa binti wa huku.

Jumapili, kikao

Ukumbi ni uwanja wa shule uliokodiwa, viti vya plastiki, turubai. Kikao kiliitwa saa nane mchana, kikaanza saa tisa na robo, na kila aliyefika baada ya saa nane alilipa faini, mwenyekiti akiwa wa kwanza kulipa. Ikafunguliwa kwa Fatiha, kisha mchungaji mmoja wa Kipentekoste akaomba kwa jina la Yesu, wote wakaitikia amina zote mbili. Vijana walilala kifudifudi mbele ya wazee kwa salamu ya dobale, mabinti wakapiga magoti. Kijana wa kofia ya timu ya taifa alifanya nusu yake, goti moja na kiwiko.

Kumbukumbu za kikao kilichopita zilisomwa kwa Kiyoruba. Barua za serikali zilisomwa kwa Kifaransa. Yatokanayo: mchango wa kisima kule nyumbani umekwama, mwanachama aliyelazwa hospitali amepelekewa fedha, mwili wa mwanachama Mkristo ulisafirishwa Ejigbo na hesabu yake hii hapa. Hapo kelele zilipanda. Waislamu huzikwa hukuhuku siku ileile, gharama yake ndogo. Mwili kwenda Ejigbo ni jokofu, jeneza, gari na mipaka minne. Mfuko ni mmoja. Mzee mmoja Mwislamu alisema amechanga kwa majeneza maisha yake yote na yeye atazikwa kwa sanda ya mita chache. Watu wakacheka, lakini hoja haikujibiwa. Ninashuku haijibiwi miaka yote.

Kisha shauri la marehemu. Mjane wa Kibaoulé alikaa mbele, mkoba mapajani. Mdogo wa marehemu upande wa pili. Katibu akafungua bahasha, akasoma kwa Kiyoruba, akarudia kwa Kifaransa kwa ajili ya mjane.

Mke wa Ejigbo hakudai duka. Hakudai fedha. Aliandika kwamba nyumba anayo, kwa sababu marehemu aliijenga kabla ya kufanya jambo jingine lolote, na hakuna wa kumtoa. Anachotaka ni mwanawe wa kwanza, aliyemaliza sekondari na amekaa tu, apewe nafasi dukani, afundishwe kazi, na alale kwa mama yake wa huku. Aliandika hivyo: mama yake wa huku.

Mjane alitazama chini. Lakini wazee hawakukimbilia kufunga shauri, na hapo ndipo niliona wanavyojua kazi yao. Imamu alianza na mirathi: wake wawili hugawana thumni, kilichobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Mzee wa mila akaja na njia mbili za Kiyoruba. Ya kwanza ni idi-igi, mali hugawanywa kwa matumbo: tumbo la Ejigbo nusu, tumbo la Abidjan nusu. Ya pili ni ori-ojori, kwa vichwa: Ejigbo kuna watoto wanne, Abidjan wawili. Mwanasheria kijana, binti wa mwanachama, akakumbusha kwamba mbele ya hakimu wa hapa hakuna kati ya hizo itakayotumika kama walivyoieleza, na kwamba mke wa bomani ana haki yake na watoto wote sita wana yao. Sheria nne zikawa mezani, na kila mmoja alijua ipi inamfaa nani.

Mdogo wa marehemu alisimama akasema ukoo haujulikani kwenye hesabu yoyote kati ya hizo. Kulikuwa na ukweli ndani yake. Mwenyekiti akamuuliza una nyumba Ejigbo? Anayo, hajaezeka. Akamuuliza mkeo anaishi wapi? Ejigbo, karibu na shemeji yake. Mwenyekiti hakuongeza. Hakuhitaji: wakikuamulia hapa ukakaidi, habari itafika kabla ya basi, na mkeo ndiye atakayekaa nayo sokoni.

Nguvu yote ya umoja huu imesimama hapo. Hawana polisi, hawana jela, faini zao ni bei ya sahani ya garba, ule muhogo wa attiéké na samaki wa kukaanga wa barabarani. Wanachoshikilia ni nyumba ya mtu iliyoko mbali. Aliyejenga anatii, ambaye hajaezeka anatii zaidi. Ninaelewa sasa kwa nini Alhaja anahesabu 1969 kwa jiko la kuazima.

Lakini nguvu hiyo ina mwisho wake, na watu wawili wanaouonyesha walikuwa uwanjani. Mjane hana nyumba Ejigbo, ana cheti. Wasingeweza kumtisha kwa lolote, kwa hiyo walimbembeleza, na waliona tabu kubembeleza. Na yule kijana wa kofia, kwenye mengineyo, alinyanyua mkono kuomba ada zilipwe kwa Wave kwenye simu. Mweka hazina akasema hapana, mtu afike kikaoni alipe mkononi, tuonane uso kwa uso. "Basi mtaona uso wa baba yangu," kijana alisema, kwa Kifaransa, "mimi nina kiwanja chenye mbuzi." Wengi wa rika lake walipiga makofi. Wazee walijifanya hawakusikia.

Uamuzi ulitolewa jua likiwa limeinama. Duka lisifungwe wala lisigawanywe mpaka mtoto mdogo wa Abidjan amalize shule. Mjane ndiye msimamizi, hesabu zake zikaguliwe na katibu kila mwisho wa mwezi. Kijana wa Ejigbo aje afanye kazi kwa mshahara ulioandikwa, ili yasirudi yaliyompata baba yake mdogo. Naye baba mdogo alipwe kidogokidogo kutoka kwenye faida, badala ya ule mtaji wa ahadi. Kiasi chake kilibishaniwa kuliko jambo jingine lolote siku hiyo.

Mjane alikubali kwa sharti moja: aandikiwe uamuzi kwa Kifaransa, usainiwe, wakili wake ausome. Wazee wakatazamana. Umoja huu haujazoea kupeleka maamuzi yake yakasomwe na wakili. Mwanasheria kijana alikuwa ameshaanza kuandika.

Jumatatu, Adjamé

Leo tumehesabu mali dukani. Katibu na daftari, mjane na daftari lake, mdogo wa marehemu na kikokotoo cha simu. Jenereta moja moja, pedi za breki kwa jozi, taa zilizopasuka pembeni. Walibishana kama betri zilizokufa zihesabiwe. Zikahesabiwa kwa bei ya madini ya risasi yaliyomo ndani yake.

Alhaja amempigia simu mke wa Ejigbo akiwa amesimama mlangoni, gbaka zikipiga honi nyuma yake, akamwambia kijana akachanje mapema apate kadi ya njano, kisha atafute nafasi kwenye basi kabla ya msongamano wa sikukuu. Mjane aliomba apewe simu. Hawakuwa na lugha ya pamoja, kwa hiyo Alhaja alisimama katikati akitafsiri, na sehemu kubwa ya mazungumzo ilikuwa juu ya kitanda: kile cha nyuma ya duka ni kifupi, kijana ana urefu gani.

Mdogo wa marehemu alitia sahihi kila ukurasa, kisha akasema kiasi alichopangiwa hakikubali, na atalipeleka shauri kwa wazee wa Ejigbo mwenyewe, Idi ijayo. Katibu akamwuliza atasafiri lini hasa, akaandika tarehe.